Mlima Utaurudisha

Jirani yangu hapa Tanga ana mashine ya kukata majani, na kila Jumamosi asubuhi anaiwasha kabla watu hawajamaliza chai. Mimi sina ugomvi na kelele. Kinachonisumbua ni harufu. Majani mabichi yaliyokatwa yakianza kunukia dirishani, siwezi kukaa. Nitainuka, nitapanga upya vyombo vilivyokwisha kupangwa, nitatoka mpaka getini na kurudi, na mume wangu ataniuliza kama kuna mtu ninamsubiri. Hakuna mtu. Ni miguu tu, inakumbuka jambo ambalo kichwa kingependa kulipumzisha.

Wenzangu wa rika langu mtanielewa, ninyi mliokua wakati simu ya kijiji ilikuwa ya mtu mmoja na ilibidi kupanda kilimani kutafuta mtandao. Utoto wetu kule Usambara ulikuwa wa kupanda na kushuka. Nyumba yetu ilikuwa juu ya barabara ya kwenda Mlalo, na ukitoka mlangoni ulichagua kimoja kati ya hivyo viwili. Mpira wa miguu wa watoto wa kijiji ulikuwa na timu ya juu na timu ya chini, na baada ya mapumziko walibadilishana upande ili pasiwe na dhuluma. Hata sufuria jikoni kwa Mama iliwekewa kijiwe upande mmoja, mchuzi usije ukalalia ukingoni. Sikujua kwamba kuna watu wanaishi mahali ambapo maji yakimwagika hayajui pa kwenda.

Shangazi Rehema, dada yake Baba, alirudi nyumbani baada ya miaka mingi ya Dar es Salaam. Alikuwa amefanya kazi jikoni kwenye klabu ya gofu, akajifunza kucheza jioni baada ya kazi, mpaka akawa anashindana na wanawake wenye magari na kuwashinda. Kisha mgongo ukagoma. Alirudi na kitanda chake, redio, na mfuko mrefu wa fimbo za chuma ambao vijana wa stendi ya Lushoto walidhani ni mabomba ya maji.

Mimi nilikuwa mtoto asiyetulia. Mwalimu wa madrasa alinikalisha karibu na mlango ili nikitoka nisiwakanyage wenzangu. Mama alisema nililelewa na upepo. Siku Shangazi aliponiona vizuri kwa mara ya kwanza, nilikuwa nimetumwa majani ya ng'ombe, nami badala ya kukata nilikuwa nimeshika fimbo na kuyafyeka vichwa, huku na huku, nikisikiliza inavyovuma.

"Nani kakufundisha kuzungusha kiuno hivyo?" aliuliza nyuma yangu.

Nilijua nimekwisha. Kwetu mtoto wa kike kuulizwa habari za kiuno si dalili njema. "Hakuna, Shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Rudia."

Nikarudia. Akanitazama kama mtu anayetazama ng'ombe mnadani, akaingia ndani, akatoka na fimbo fupi kuliko zote kwenye ule mfuko. Basi ikawa hivyo. Kila jioni, baada ya majani ya ng'ombe na kabla ya adhana ya magharibi, tulikuwa kwenye mteremko wa malisho nyuma ya nyumba, yeye amekaa juu ya debe kwa sababu ya mgongo, mimi nimesimama miguu ikiwa chini na mpira ukiwa juu kidogo mbele yangu, maana ndivyo ardhi yetu ilivyokuwa. Tulipiga kuelekea upande mmoja tu. Upande wa pili kulikuwa na msikiti na mabati yake mapya.

Wiki za mwanzo nilizichukia. Shangazi hakutaka nipige mbali. Alitaka nitulie, na kutulia ndiko nilikokuwa sikuwezi. Aliniwekea sahani ya bati kichwani, akasema nipige mpira na sahani isianguke. Ilianguka mpaka ikapoteza rangi. Mama alikuwa akisikia mlio ule jikoni anacheka peke yake. Nilipolia kwa hasira, Shangazi alingoja nimalize, kisha akanirudishia sahani kichwani. Hakuwa na neno la kubembeleza. Nilimpenda kwa hilo, ingawa wakati ule ningekwambia ninamchukia.

Halafu kuna kile kisa cha paa. Shangazi alikuwa akisema, "Mimi kwako nataka paa tu, Zaina. Ukipata paa nitafurahi." Nikasikia paa kama inavyosikika, mpira upae. Kwa siku nyingi nikawa nachota mpira kutoka chini kwa nguvu zangu zote, unapanda angani mpaka unapotelea kwenye ukungu, na sisi tunasubiri kusikia utaanguka wapi. Nilijiona nimefika. Shangazi alishika kichwa. Mwishowe akaniuliza ni shetani gani ameniingia, nikamjibu kwamba si yeye mwenyewe anayetaka paa? Alicheka mpaka mgongo ukamkamata, ikabidi nimshike mkono. Ndipo akanieleza kwamba paa kwenye gofu ni ile idadi ya mapigo ambayo shimo limepangiwa, kwamba anayepiga mara chache ndiye bora, na kwamba kule juu angani hakuna zawadi yoyote.

Baba aliyaona yote haya akiwa shambani na hakusema kitu. Hakuwa mkali wa kupiga kelele. Ukali wake ulikuwa wa kunyamaza, na nyumba nzima ilijifunza kusoma unyamavu ule, ingawa mimi mara nyingi niliusoma kinyume. Alilima viazi na kabichi, kama baba yake. Msikitini walimtania. Walimuuliza kama binti anajifunza kuchunga, wakamuuliza kama mahari yake italipwa kwa fimbo. Alikuwa akirudi nyumbani, ananawa miguu, anakula, analala.

Siku Shangazi alipokuja na habari kwamba marafiki zake wa zamani wanaandaa mashindano ya watoto kule Moshi, na kwamba amekwisha kunitaja jina, Baba aliweka bakuli chini. Alisema kwa Kishambaa, lugha aliyoitumia alipotaka jambo liishe.

"Nimewaachia mcheze. Sasa mnataka kumpeleka kwa watu."

"Kaka, mtoto ana kitu," Shangazi alisema. "Nimeshaona watoto wengi. Huyu anarudia."

"Anarudia nini?"

"Anarudia. Akikosea anarudia. Basi."

Baba alilisukuma bakuli pembeni. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na mlango, mguu mmoja juu ya mwingine. Kisha akasema ataenda mwenyewe, kwa kuwa binti yake hasafiri bila yeye. Ataona kwa macho yake. Sharti lake lilikuwa moja. Nisiwe wa mwisho. Nikiwa wa pili kutoka mwisho, nitaendelea kucheza na hatamsikiliza mtu msikitini. Nikiwa wa mwisho, fimbo zinarudi kwenye mfuko, na mimi nakuwa mtoto kama wengine.

Niliona ni sharti dogo. Sikuwa na sababu ya kuogopa. Wakati ule sahani haikuwa ikianguka tena. Viganja vyangu vilikuwa vimetoa malengelenge, yakapasuka, yakakauka, yakawa ngozi ngumu ambayo niliionyesha wenzangu darasani kwa kujidai. Uani, ambapo Mama alifagia kila alfajiri, niliweza kuusukuma mpira ukapinda kuelekea jikoni, ukazunguka jiwe la kusagia na kuingia kwenye kikombe cha bati kilichofukiwa. Na kule mteremkoni, nilikuwa nimejua siri. Mpira uliopigwa huku miguu iko chini yake hupenda kukimbilia bondeni. Ukilenga shimo lenyewe, unalikosa kwa upande wa chini. Shangazi alinifundisha nisilenge shimo.

"Lenga mlimani," alikuwa akisema kutoka kwenye debe lake. "Usiogope. Mlima utaurudisha."

Na kweli, uliurudisha. Nililenga juu, penye mashina ya miti ya miwati, na mpira uliondoka kama unaokwenda kupotea, kisha ukajikunja polepole kushuka na kutua nilipotaka. Sijui kama tangu siku zile nimepata tena furaha ya namna ile. Nilirudia mpaka mwili ukawa hauulizi. Nilirudia mvua ikinyesha. Nilirudia usingizini, Mama akanihamishia upande wa ukutani ili nisimpige mdogo wangu.

Tuliteremka Mombo na lori la kabichi, mimi na Shangazi mbele kwa dereva, Baba nyuma juu ya magunia, amevaa koti lake la harusi. Mombo joto lilitupokea kama mlango wa jiko. Tukapanda basi la Moshi, na hapo ndipo wasiwasi uliponianza. Mashamba ya mkonge yalikuwa yamelala chini, yamenyooka mpaka jicho linachoka. Milima yetu ilikuwa pembeni, inasindikiza basi, na nikawa naigeukia kila mara kuhakikisha ipo. Baba naye niliona anaigeukia.

Kiwanja kilikuwa katikati ya mashamba ya miwa. Sijui niwaelezeje. Kilikuwa sawa kabisa, tambarare. Majani yake yalikuwa mafupi na sawa, mtu akisimama upande wa pili unamwona viatu. Watoto wa pale walikuwa wakikimbia huku na huku bila kuangalia chini. Mimi kila hatua niliyopiga mguu ulifika kabla ya wakati wake, kama unaposhuka ngazi ukidhani imebaki moja. Nilihisi kichefuchefu. Shangazi alidhani ni basi.

Walipoita jina langu nilisimama kwenye mpira, nikatulia kama nilivyofundishwa, kichwa hakikutikisika. Nikalenga kulia, penye mlima. Mlima haukuwepo, lakini mwili wangu ulijua ulipo. Nikapiga vizuri. Nawaambia, nilipiga vizuri mno, mlio ulikuwa ule wenyewe. Mpira ukaenda kulia, nikasubiri ujikunje. Ukaendelea kwenda kulia. Uliingia kwenye miwa ukiwa umenyooka, bila haraka, na watoto wakanigeukia.

Nikapiga mwingine. Nao ukaingia kwenye miwa. Nikajaribu kulenga shimo, mikono ikakataa, ikaupeleka kulekule. Shangazi alikuja karibu, akainama ingawa mgongo ulimuuma, akasogeza miguu yangu kwa mikono yake.

"Zaina, huku hakuna mlima wa kuurudisha. Piga kama unavyoona."

"Nikipiga hivyo naanguka, Shangazi."

"Huanguki."

"Naanguka."

Akanitazama, na uso wake ukabadilika. Nilikuwa sijawahi kumwona Shangazi akikosa la kufanya. Alisema taratibu, "Nilijua ardhi yetu imeinama. Nilidhani ukifika hapa mwili utajinyoosha wenyewe." Baba alikuwa amesimama hatua chache kutoka hapo, mikono nyuma, amevaa koti lake, na nikajua amesikia.

Asubuhi ile yote nilicheza nikiwa na kizunguzungu. Mpira ukifika karibu na shimo niliweza kuusukuma vizuri kama mtu yeyote, lakini kufika karibu na shimo ndio ulikuwa msiba. Mwisho walisoma majina kuanzia juu. Nilisikiliza kila jina nikisema moyoni, sasa ni mimi. Yakaendelea kusomwa. Lilibaki langu. Mwanamke aliyekuwa akisoma alitabasamu na kunipigia makofi, na kila mtu akapiga makofi, na ningetamani sana wasipige.

Nilikuwa wa mwisho. Hapakuwa hata na mwenzangu wa kugawana naye nafasi ile.

Nimekwisha kuwa mtu mzima, nimepata hasara nyingine kubwa zaidi, lakini safari ile ya kurudi bado inaniwasha mwilini. Tulipofika Mombo Baba aliuchukua mfuko wa fimbo kutoka begani kwangu. Hakunipokonya, aliuchukua tu, akautia begani kwake, na akapanda nao lori. Tulipofika nyumbani akauingiza kwenye chumba cha mbegu za viazi na kufunga mlango. Basi, nikasema, sharti ni sharti. Sikulia. Nilikaa jikoni nikichokonoa majivu mpaka Mama akaninyang'anya kijiti.

Kesho yake alfajiri nilisikia jembe. Lilikuwa likigonga mahali ambapo hapakuwa na shamba. Nikachungulia. Baba alikuwa kwenye mteremko wa malisho, pale pale nilipokuwa nikisimama, anakata majani pamoja na mizizi yake na kuyatupa pembeni.

Niliona giza. Kuzifungia fimbo, hilo nilikuwa nimelielewa, ndiyo yalikuwa makubaliano. Lakini kupalima pale, apande kabichi juu yake, pasibaki hata unyasi wa kunikumbusha, hilo niliona ni kuniadhibu mara mbili. Nikaapa kimoyomoyo sitapatazama. Nilianza kwenda shule kwa njia ya juu, ambayo ni ndefu na ina mbwa. Jioni nilikata majani ya ng'ombe upande wa mto. Jembe halikunyamaza. Wakati mwingine likawa sururu, wakati mwingine nikasikia mawe yanabiringishwa. Mama aliponipa uji nimpelekee Baba, nilimtuma mdogo wangu. Mama alinitazama, akasema, "Mwenzangu, hasira yako itakuja kukuumbua," kisha akaendelea na kazi zake.

Baba alikuwa akirudi amechoka kuliko nilivyopata kumwona. Alikula akiwa amefumba macho. Ulikuwa msimu wa kuotesha viazi, na ngazi zake za shamba zilikuwa zikimsubiri, na mimi nilijiambia kwamba ananichukia kiasi cha kusahau viazi vyake. Mtoto akikasirika anakuwa na hesabu zake.

Jioni moja Shangazi, ambaye hakuwa amekanyaga kwetu tangu tuliporudi Moshi, alikuja, na badala ya kuingia ndani alipita nyuma ya nyumba. Kisha nikamsikia anaita jina la Mungu kwa sauti ndogo. Baba akaniita. Ukiitwa na baba yako unaenda, hasira au si hasira.

Pale penye mteremko hapakuwa na mteremko tena. Alikuwa ameukata mlima upande wa juu, akaijaza ile ardhi upande wa chini, akaishikilia kwa ukuta wa mawe aliyoyabeba kutoka mtoni. Majani aliyoyang'oa siku ile ya kwanza alikuwa ameyapanda tena juu yake, kipande kwa kipande, na yalikuwa yameanza kushika. Lilikuwa eneo dogo, la kutosha nyumba ya vyumba viwili. Katikati alikuwa amelaza chupa ya plastiki yenye maji nusu. Alikuwa amechuchumaa mbele yake, anayatazama maji. Yalikuwa yametulia, hayakuegemea upande wowote.

Wenzangu wa milimani wanajua kipande tambarare cha namna ile ni kitu gani kwetu. Watu wamepelekana mahakamani kwa kipande nusu ya kile.

"Kaka," Shangazi alisema, "na viazi je? Mvua si ndiyo hii?"

"Viazi vimezoea mlima," alisema Baba.

Akanyanyuka, akaingia ndani, akatoka na mfuko. Akautua miguuni pangu. Mikono yake ilikuwa imepasuka kwenye vifundo.

"Baba, mimi nilikuwa wa mwisho."

"Nilikuwepo."

"Ulisema nikiwa wa mwisho basi."

Alikuwa akijipangusa udongo kwenye suruali na hakunitazama. "Wale wenzako walikuwa wamesimama kwao," alisema. "Wewe ulikuwa bado umesimama kwetu. Simama hapo uone."

Nikapanda kwenye kile kipande. Nikaweka miguu. Vidole havikuwa juu ya visigino, na mara moja kile kizunguzungu cha kiwanjani kikarudi, nikatanua mikono. Shangazi aliweka mpira kwenye majani. Nilitulia. Nikapiga, na mwili wangu mjinga ukafanya kile ulichokijua. Mpira ukaondoka ukaenda kulia, juu, ukavuka mashina ya miwati na kupotelea kwenye maharage.

Niliinamisha kichwa, nikisubiri ule unyamavu wake. Baba alivua ndara, akazishika mkononi, akaanza kupanda kuelekea kwenye maharage. Baba yangu, ambaye hakuwahi kugusa mpira ule hata kwa kidole, alikuwa anapanda mlima akiwa ameinama, anafunua majani.

"Piga mwingine," alisema bila kugeuka. "Huu ninautafuta mimi."